Nyumba ya Kizito, Mkopo Wangu

Kanduyi, Bungoma. Jumapili, 2 Machi 2025

Leo natimiza miaka kumi na saba na miezi miwili nje ya nyumba yangu. Naanza na tarehe na hesabu kwa sababu nilifundisha historia zaidi ya nusu ya umri wangu, na najua kwamba jambo lisilo na tarehe huishia kuwa ubishi wa walevi.

Nyumba yenyewe iko Kitale, upande wa barabara ya Saboti: vyumba vinne, jiko la nje, kijumba cha uani, na baraza inayoutazama Mlima Elgon. Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika kwetu, mimi na mke wangu Nakhumicha tuliiacha na kile tulichoweza kubeba. Waliokuja nyuma yetu walichukua milango, magodoro na mabati ya jikoni. Vitabu vyangu hawakugusa hata kimoja. Tukapanga hapa Kanduyi, nyuma ya uwanja wa michezo, vyumba viwili kwa Roselyne, mama mwenye nyumba za kupanga, tukisema ni kwa miezi michache. Nakhumicha aliapa hatarudi kule, na alikuwa mtu wa kushika alichoapa. Hata nilipokopa benki mwaka 2014 nikaikarabati nyumba, hati ikawekwa rehani, hakwenda kuiona. Nilipostaafu mkopo ukarefushwa na makato yakahamia kwenye pensheni. Imebaki miaka minne.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Tulimzika kwetu Bumula. Tangu hapo sina tena mtu wa kunizuia kurudi, na niliona aibu jinsi wazo hilo lilivyonijia upesi.

Januari nilihamisha hati kwa Kizito, mwanangu wa pekee. Yeye ndiye aliyeanzisha neno. "Baba, ukitutoka tutakaa kortini mpaka na sisi tuzeeke. Weka jina langu ukiwa hai." Benki ilikubali kwa maandishi: jina kwenye hati libadilike, rehani ibaki palepale, na mdaiwa nibaki mimi. Kizito atanitumia kila mwezi kiasi kinachokatwa. Wakili aliniuliza mara mbili, "Mwalimu, unaelewa? Nyumba itakuwa ya kijana na deni litakuwa lako." Nikamjibu kwamba Kiswahili nakielewa.

Kizito na mkewe Wacera wanaishi katika kijumba cha uani tangu walipooana. Nyumba kubwa wameniachia mimi. Nikienda nalala chumba cha mbele, chenye vitabu. Mvua ikianza narudi moja kwa moja. Nimeshamwambia Roselyne atafute mpangaji.

9 Machi

Wingu zito upande wa Webuye. Halikushuka.

Kitale. Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa katika gesti ya mjini. Chumba kina maji moto, Biblia na pazia la rangi ya machungwa. Sikupanga kuwa hapa.

Jana nilifika alasiri na sanduku la kwanza la vitu vyangu. Nilikuta Kizito na Wacera wamehamia nyumba kubwa. Hilo sikulichukia, vyumba vinatosha. Kilichonichoma ni mtu niliyemkuta barazani, kwenye kiti changu cha mvule, miwani puani, kitabu changu mkononi. Baba yake Wacera, Mzee Gathogo. Mara ya mwisho nilimwona siku ya harusi, tukapeana mikono kama watu wanaogawana lawama.

"Karibu, muthoni," akasema. Ndivyo anavyoniita, mkwe kwa lugha yao. Aliinuka, lakini aliinuka baada ya kunikaribisha, na katika nyumba yangu mimi hilo nililiona.

"Umekuja kutembea?" nikamuuliza.

"Aa, niko tu hapa. Huyu msichana wangu hataki niende."

"Tangu lini?"

"Si ni tangu Februari." Akainua kitabu. "Hii yako nimemaliza jana. Wewe ulikuwa umeacha kakaratasi ukurasa wa mia mbili na kumi."

"Nilikuwa sijamaliza. Tuliondoka ghafla."

"Mwisho wake ni mbaya, bana. Yule mwenye duka anakufa."

Miaka kumi na saba nimekuwa nikijiuliza kuhusu yule mwenye duka, na kila nilipolala pale nilikiahirisha kitabu hadi siku ya kurudi kabisa.

Tulikunywa chai. Jua lilipoanza kushuka, Kizito aliniita kando, karibu na tangi la maji.

"Baba, nimekulipia chumba huko mjini. Ni kizuri. Kina maji moto."

"Chumba cha nini?"

"Cha kulala."

"Na chumba changu cha mbele?"

Aliangalia viatu vyake. "Baba, unajua. Nyumba saa hii ni yangu, hati iko na jina langu. Na mimi niko na bibi ndani. Nilipigia shangazi, Senge Edah, nikamuuliza. Akasema mzazi hawezi lala kwa nyumba ya mtoto ameoa."

Nilitaka kumcheka. Kisha nikakumbuka nani alimfundisha. Ni mimi niliyemkemea binamu yangu mbele za watu kwa sababu alilala kwa mwanawe Eldoret siku tatu, nikamwambia amemvunjia mkwewe heshima na kujitakia nuksi. Kizito alikuwepo, alikuwa kidato cha pili. Wabukusu tunaacha mengi, hilo hatujaliacha. Nilipokuwa na hati, Kizito alikuwa mtoto aliyejengewa uani kwa baba yake, nami nililala kwangu. Siku nilipotia sahihi nilikihamisha kitanda pamoja na kuta, na katika meza ile yenye wakili, afisa wa benki na mimi mwenyewe mwenye shahada, hakuna aliyelifikiria.

Wacera alitufuata. "Baba, si ulale tu hapa! Baba yangu analala na hakuna kitu imetendeka."

"Kwenu ni kwenu," nikamwambia.

"Sisi tuliacha hiyo mambo kitambo," Gathogo akasema kutoka barazani, hata hakuulizwa. "Usingizi ni usingizi, muthoni."

Nikamuuliza Wacera baba yake analala wapi.

"Si ni chumba cha mbele. Anapenda hapo kwa vitabu."

Nilichukua sanduku langu nikaondoka kabla giza halijaingia. Kwa hiyo hali ni hii, na naiandika wazi ili nisijidanganye: nyumba si yangu, deni ni langu, siruhusiwi kulala humo, na mtu ambaye hakuweka sahihi popote analala kitandani pangu kwa pensheni yangu.

Bumula, 18 Machi

Nimepita kwa dada yangu mkubwa, Edah, nikiwa na hasira ya kumgombeza. Alikuwa anachagua mbegu za maharagwe, hakuinua macho.

"Wewe si ndiye ulisoma?" akasema. "Ungekaa na hati yako mpaka ufe. Ungelala hapo hata na wakwe kumi uani."

"Nilitaka kuwaepusha na kesi."

"Umewaepusha. Sasa unalia nini?"

"Kuna mtu analala chumbani kwangu, Edah."

"Baba ya msichana?" Hapo akaniangalia, akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Ai! Wekoye, ndugu yangu! Kumbe si nyumba. Ni wivu!"

Nilimuuliza kama Kizito anaweza kunijengea chumba pembeni ya kiwanja. Akaacha kucheka. "Baba hajengi kwa boma la mtoto. Hilo hata usiulize mtu mwingine, utachekwa."

22 Machi

Mvua imeanza Kanduyi. Roselyne ameniuliza kama nahama au sihami. Nimemwambia asubiri.

5 Aprili

Kizito ametuma pesa za makato kwa simu, na ujumbe: "Asante baba kwa kutuelewa." Sijawaelewa.

12 Aprili

Wacera ananitumia picha kila wiki, nadhani kwa wema. Leo ni Gathogo amevaa kofia ya majani akipanda kabichi pale nilipokuwa na mahindi ya kuchoma. Amechimba mistari iliyonyooka kabisa. Nimeikuza picha nikitafuta mstari uliopinda.

20 Aprili, Pasaka

Kanisani mhubiri alisoma habari za wafanyakazi wa shamba la mizabibu, walioajiriwa asubuhi na walioajiriwa jioni, wote wakalipwa sawa. Nimekuwa upande wa wale wa asubuhi maisha yangu yote, na leo zaidi.

27 Aprili

Mvua kila siku. Barabara ya kwenda stendi imekuwa tope tupu.

3 Mei

Kizito hakutuma. Nilipiga simu.

"Baba, mwezi huu nimebanwa. Mzee Gathogo alilazwa, mguu ulikuwa umefura. Tumelipa hospitali."

"Pole. Na makato?"

"Si benki inakata tu kwa pensheni? Nitakurudishia mwezi ujao."

Alisema kweli. Benki inakata tu. Mimi ndiye niliyekopa, na benki haijui Kizito ni nani isipokuwa kama jina kwenye hati. Nilikata simu. Fedha zenyewe si kitu, nimeishi kwa kidogo zaidi. Lakini nilimwona Gathogo kitandani pangu, mguu juu ya mto wangu, Wacera akimletea uji, na mimi nikiulipia uji huo, chumba hicho, na sasa mguu huo.

10 Mei

Wacera ameandika kwamba baba yake amerudi kutoka hospitali na anasoma tena. Ananiuliza kama nina vitabu vingine Kanduyi ninavyoweza kumtumia.

14 Mei

Nimefanya jambo.

Nilikwenda Bungoma mjini nikafungua akaunti katika benki nyingine, kisha nikaomba pensheni ielekezwe huko. Ni haki ya kila mstaafu, wala haichukui nusu siku. Kuanzia mwezi ujao ile benki ya kwanza haitakuwa na cha kukata.

Najua kitakachofuata, hatua kwa hatua, kwa sababu mkataba nimeusoma kuliko walioutunga. Barua ya kwanza itakuja kwangu, mdaiwa. Ya pili itakwenda kwangu na kwa mwenye hati. Baada ya hapo, madalali. Mimi watanisumbua, lakini mimi wataninyang'anya nini? Vyumba viwili vya Roselyne? Nyumba itakayouzwa ni ya Kizito, na atakayetolewa chumba cha mbele ni Gathogo. Wakili alinionya juu ya hatari ya kubaki na deni. Hakumwonya Kizito juu ya hatari ya kuwa na nyumba ambayo deni lake liko mkononi mwa baba mwenye wivu.

Nimeliandika hilo neno mwenyewe. Edah alilitaja kwanza.

1 Juni

Mvua ya mawe. Roselyne amepoteza mboga zake zote.

19 Juni

Simu inalia tangu asubuhi.

"Mwalimu, simu yako inalia," Roselyne aliniita kutoka uani.

"Iache ilie."

"Ni mwanamke?"

"Ni benki."

"Afadhali angekuwa mwanamke," akasema, akaendelea kufua.

29 Juni

Simu tena, mara tatu. Sikushika. Nimetembea hadi uwanjani nikatazama vijana wakicheza mpira kwenye matope. Nilijihisi mwepesi, kama mwanafunzi aliyetoroka shule.

Jumamosi, 12 Julai

Kizito amekuja. Hakubisha hodi, mtoto wangu ambaye hajawahi kuingia bila hodi. Alikuwa na barua ya benki, nakala ya ile niliyopokea mimi Jumatatu. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka.

"Baba, hujalipa mwezi wa sita. Na wa saba bado."

"Sijalipa."

"Nimeenda benki. Wamesema pensheni imehama." Alisubiri nikanushe. "Baba, unajua wataiuza?"

"Deni ni langu."

"Na nyumba ni yangu!"

"Ndiyo. Ndivyo tulivyoandika."

Aliketi kwenye kitanda, hakuna kiti cha pili. Mvua ilipiga juu ya mabati. Kisha akaanza kulia. Mwanamume wa miaka thelathini na minane. Sikujua niweke mikono wapi.

"Kama ni nyumba, chukua," akasema. "Tutarudisha hati jina lako. Wacera amekubali kutia sahihi, tutarudi kijumba cha uani. Wewe ulale kwako. Mimi sikutaka kukufukuza, Baba. Nilifuata tu vile mlinifundisha."

Naandika ukweli: moyo uliruka. Nilikiona chumba cha mbele, dirisha, rafu. Nikauliza swali lililokuwa juu ya ulimi kabla ya yote.

"Na Gathogo?"

Kizito aliniangalia kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo aliponifahamu.

"Ataenda," akasema.

14 Julai

Tulikwenda benki pamoja. Afisa ni binti anayeitwa Chesang, mpole, anasema "mzee wangu" kila sentensi. Alitusikiliza, akatazama mashine yake, akasema hapana. Mkopo ukiwa na malimbikizo, benki haitoi idhini ya hati kusogea kwa mtu yeyote, wala kwa mwana wala kwa baba. Kwanza malimbikizo yalipwe na makato yarudi. "Mngekuja Mei, mzee wangu, tungefanya kwa wiki mbili."

Mei. Kwa hiyo mlango nilioufunga ili Gathogo atoke ndio mlango ambao ningepitia kuingia. Kizito alininunulia soda pale nje na tukainywa tumesimama.

Jumapili, 20 Julai

Gathogo mwenyewe ameingia Kanduyi. Roselyne alimleta mpaka mlangoni akimwita "mgeni wa heshima", kwa sababu alikuwa amevaa koti na kubeba kabichi tatu kubwa.

"Nimekuletea kabichi," akasema.

"Za shamba langu."

"Za shamba yako. Mbegu ni yangu." Akaziweka mezani. Anachechemea, mguu haujapona.

Tulikaa, yeye kitini, mimi kitandani. Alisifu chumba. Alisoma migongo ya vitabu vyangu vya hapa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mali ya mwenzake. Nilipandwa na hasira kwa namna alivyokuwa ametulia.

"Muthoni, mimi sina maneno mingi," akaanza. "Kizito ameniambia. Niko na kaploti, kule upande wa Endebess. Walitupea baada ya kutoka kambi. Iko na kanyumba ya mabati. Kuna mtu anaitaka. Nitauza, tulipe hiyo benki, hawa watoto wasitolewe."

"Kambi gani?"

"Si ni ile ya uwanja wa maonyesho. Mbili elfu na nane. Wewe hukuwa?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kumbe nyinyi mlipata nyumba. Sisi tulikuwa kwa hema mwaka mzima. Mama Wacera alifia hapo, si kwa vita, kwa homa. Shamba yangu ilikuwa ekari tano. Saa hii kuna mtu analima. Mimi hupita nikiangalia, mahindi yake ni mazuri, hiyo siwezi kataa."

Sikuwa nimelijua hilo. Miaka sita tumekuwa wakwe na sikuwahi kumuuliza alitoka wapi. Na aibu yangu kubwa zaidi ni hii, ndiyo maana naiandika: nilichohisi kwanza hakikuwa huruma. Niliona kwamba hata ukimbizi, kitu pekee nilichodhani hakuna mtu katika ukoo wetu anayeweza kunizidi, Gathogo amenizidi. Yeye alikuwa kwenye hema nami nilikuwa kwa Roselyne. Yeye amepoteza ekari tano nami nimepoteza milango.

"Usiuze," nikamwambia.

"Ni ya nini kwangu? Siwezi hata kupanda ile mlima na huu mguu."

"Usiuze, Gathogo. Ukiilipa wewe, itakuwa umeninunua."

Alicheka, akidhani natania. Kisha akaacha kucheka. "Wewe ni mtu mgumu," akasema. "Sasa mimi nikitoka pale, nitasoma nini?"

Nilimpa vitabu viwili. Sijui kwa nini. Vilikuwa vile ambavyo sikuvipenda.

22 Julai

Nimelipa malimbikizo yote kwa akiba niliyoiweka kwa ajili ya kuhama. Nimerudisha pensheni kwenye benki ya kwanza. Chesang ameniita mzee wangu mara nyingi na kunipa kalamu.

2 Agosti

Mahindi ya Kanduyi yanavunjwa. Uani kwa Roselyne kumejaa maganda. Benki imesema sasa iko tayari kutoa idhini hati irudi kwangu. Kizito ameandaa kila kitu. Kilichobaki ni sahihi yangu.

Jumapili, 24 Agosti

Jana nilikwenda Kitale mchana, nikijua jioni nitarudi. Nilitaka kuiona nyumba kabla ya kutia sahihi.

Wacera alikuwa anahamisha vyombo kurudi kijumba cha uani. Alinisalimia vizuri, lakini hakunitazama. Barazani Gathogo alikuwa anakunja nguo zake kwenye mfuko, taratibu, shati juu ya shati.

"Niende leo ama nimalizie kabichi?" akaniuliza. Hakukuwa na uchungu katika sauti yake. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Keti kwanza," nikasema.

Alikaa kwenye ngazi na kuniachia kiti cha mvule. Nikakikalia. Hii ndiyo picha niliyokuwa nikiichora tangu Machi: mimi kitini, yeye na mfuko wake. Niliifurahia, siwezi kusema sikuifurahia. Wacera alileta chai na ilikuwa tamu.

Kisha nikaanza kutazama. Mlima hauonekani tena kutoka barazani. Kuna ghorofa ya kupangisha mbele yake, nguo zimeanikwa kila dirisha. Wanyonyi aliyekuwa upande wa kulia hayuko. Yule fundi wa redio wa upande wa kushoto alikufa, duka ni saluni. Watu walipita njiani, wengi, maana ilikuwa siku ya soko, na karibu wote walipaza sauti kuelekea kwetu, wakimwita Gathogo babu kwa lugha yao. "Guka, mguu uko aje?" "Guka, kabichi iko?" "Guka, ile dawa umekunywa?" Gathogo alijibu kila mmoja kwa jina. Mimi sikumjua hata mmoja. Hakuna aliyenijua.

Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya alisimama kabisa getini.

"Guka, leo uko na mgeni?"

"Hapana," Gathogo akasema. "Huyu ndiye mwenye nyumba."

Yule mama alinitazama kwa adabu, kutoka kofia hadi viatu, akijaribu kuniweka mahali. Akashindwa. "Karibu sana Kitale," akaniambia.

Nilimaliza chai. Nilimwita Kizito nikamwambia aache hati ilipo. Alidhani nimekasirika tena, akaanza kusema kuhusu sahihi na idhini ya benki na jinsi muda utakavyopita. Nilimwambia nimeelewa yote. Nitaendelea kulipa mpaka mwisho, naye atanirudishia anapoweza. Asipoweza, benki isimkute. Ila nilimtaka jambo moja, na nililisema mbele ya mkewe: asiiweke nyumba hiyo rehani tena kwa jambo lolote bila kunijulisha, kwa sababu anayelipa lazima ajue analipia nini. Aliapa. Wacera alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Gathogo alikuwa bado ameshika shati moja mkononi.

"Rudisha nguo ndani," nikamwambia.

"Na wewe?"

Nilikuwa nikitazama jinsi alivyokuwa ameegemea nguzo ya baraza bila kuiangalia, kama mtu anavyoegemea kitu chake.

Kanduyi. Jumapili, 31 Agosti 2025

Makato ya Agosti yamekwenda. Edah amenipimia kipande cha kujenga kwa marehemu baba yetu Bumula, karibu na kaburi la Nakhumicha, na fundi amesema vyumba viwili vinatosha mtu mmoja. Roselyne amekasirika kwamba nahama kweli, baada ya kunisubiri tangu Machi.

Bado namwonea wivu Gathogo. Nimejaribu kujisemea kwamba umekwisha na haujaisha. Anajua majina ya watu wa njia ile, na alfajiri mwanga wa dirisha la mbele unamwangukia yeye. Nyumba ni ya Kizito. Mkopo ni wangu kwa miaka minne ijayo, Mungu akinipa hiyo miaka.

Kitale sitarudi.